Maswali na Majibu: Karama Uliyopewa Ni ya Jirani Yako

Safari hii nimekusanya maswali yanayohusu karama, yaani vipawa ambavyo Roho Mtakatifu huwapa waumini. Yamekuwa mengi, na mengi yanaelekea pabaya: watu wanauliza watapata nini, wachache sana wanauliza watamfaa nani.

Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Nimeokoka tangu 2011 lakini mpaka leo sijui karama yangu. Naomba unitumie yale maswali ya kupima karama. (Msomaji, Mbeya)

Asifiwe milele. Swali hili linarudi kila mara na jibu langu halijabadilika: sina karatasi ya kupima karama, na Paulo hakuwa nayo. Karama haijulikani kwa kukaa na kujichunguza. Yusufu wa Kipro aliuza shamba lake akaleta fedha kwa ajili ya wahitaji, na mitume walimwita Barnaba, maana yake mwana wa faraja (Matendo 4:36-37). Hakujipachika jina hilo, wengine ndio waliomwita hivyo. Nawe waulize watu watatu mnaosali pamoja: "Ni lini niliwahi kukufaa?" Watakachokitaja, anzia hapo. Usiniandikie tena kabla hujawauliza.

Karama ipi ni kubwa kuliko zote? (Kijana, Kitale)

Soma 1 Wakorintho sura ya 12, 13 na 14 kwa mkao mmoja. Ukimaliza hutauliza tena.

Mimi ni mama mtu mzima, nimeishia darasa la saba. Nikisimama mbele za watu sauti inakauka. Kwenye jumuiya yetu wenzangu wanaomba kwa nguvu na kutoa ushuhuda. Mimi nawahi tu kufagia na kupanga mabenchi. Je, Mungu alinisahau kwenye karama? (Mama, Singida)

Shikamoo, mama. Hakukusahau hata kidogo, na barua yako imenigusa kuliko zote.

Fungua Matendo 9:36-42. Petro alipofika Yafa akamkuta Dorkasi amelazwa orofani, amekufa. Wajane walisimama wanalia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa nao. Biblia nzima haina sentensi hata moja iliyotoka kinywani mwa Dorkasi. Alichoacha ni nguo kwenye mikono ya wajane, na kanisa la Yafa halikuwa tayari kumzika.

Namfahamu mama mmoja wa jumuiya ambaye ana daftari la shule, la kawaida tu. Kila wakimaliza ibada ya jumuiya anaandika nani hakufika, kisha Jumatatu anapita nyumba kwa nyumba. Hahubiri. Akikuta vyombo vimejaa kwenye beseni anavuta kigoda, anaosha, huku mwenye nyumba akitoa ya moyoni. Mumewe hajalala nyumbani, mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya mchango, uvimbe ameuona kifuani na anaogopa kwenda hospitali. Mambo hayo hayasemwi kanisani. Yanasemwa pale, kwa mtu aliyekunja mikono ya gauni na ana povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Mama huyo ndiye aliyemfikisha mwenye uvimbe hospitali. Hakuna aliyewahi kumwita mtumishi wa Mungu.

Kosa si lako, mama, ni letu tulioifanya ibada iwe ya wenye sauti. Kwaya inachangiwa sare na kinanda, mhubiri mgeni anapokelewa kwa shada la maua, na anayefagia hatajwi hata kwenye taarifa ya mwaka ya usharika. Paulo alipotaja karama katika Warumi 12, mwenye kurehemu alimweka safu moja na mwenye kufundisha. Sisi ndio tuliowatenganisha.

Nakuonya jambo moja tu: usijifiche nyuma ya ufagio. Siku mgonjwa atakapokuambia "niombee," mwombee, hata kama ni maneno mawili ya Kinyaturu.

Kuna mtumishi hapa Dar es Salaam anasema ana neno langu kutoka kwa Mungu, ila lazima nitangulize sadaka ya shilingi 100,000. Nitoe? (Dada, Mbagala)

Usitoe hata shilingi mia.

Nabii Elisha alikataa zawadi ya Naamani, jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma. Gehazi, mtumishi wake, alimkimbilia Naamani njiani akapokea fedha na mavazi kwa uongo, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye (2 Wafalme 5). Karama ya unabii imeelezwa kazi yake waziwazi: kuwajenga watu, kuwafariji na kuwatia moyo (1 Wakorintho 14:3). Na aya ya 29 inaagiza wengine wapambanue kilichonenwa. Anayekuita peke yako chumbani, akataka umtangulizie fedha, na hataki mtu ampime, hana anachokujengea.

Hukuniuliza hili, lakini nalisema. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana katika mkusanyiko wa maombi, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwalaumu marehemu. Mtu hukimbilia mafuta akiwa na shida ya kweli, na mara nyingi kanisani kwake amekaa benchi moja na watu miaka mingi bila hata mmoja kumuuliza, "Ndugu yangu, unalala salama?" Tunawakemea manabii wa uongo, na tunapaswa kuwakemea, lakini wateja wao tunawatengeneza sisi kwa ubaridi wetu. Wewe mwenyewe, dada, kabla ya kumfuata huyo mtumishi, kuna aliyejua unachokipitia? Kama hakuna, mtafute mama mmoja mcha Mungu karibu nawe, mwambie yote.

Kila alfajiri natuma mistari ya kutia moyo kwenye magrupu saba ya WhatsApp. Hiyo ni huduma? (Msomaji, Nakuru)

Chagua mtu mmoja kati ya hao, mpigie simu, nyamaza umsikilize.

Kijana wetu alihubiri Jumapili ya vijana, akapotosha kabisa habari ya neema. Watu wakamwambia "umebarikiwa sana, mtumishi." Nimwambie ukweli au nitamvunja moyo? (Mzee wa kanisa, Iringa)

Mwambie, mzee wangu. Hao waliomsifia ndio waliomtupa.

Apolo alikuja Efeso anajua Maandiko, ana moto, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Priskila na Akila hawakumkatiza sinagogini wala hawakumsema pembeni. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Baadaye ndugu wakamwandikia barua ya kumtambulisha Akaya, naye akawafaa sana waumini kule.

Basi mkaribishe chai nyumbani kwako. Anza kwa kumtajia jambo mahususi alilolisema vizuri, fungueni Warumi pamoja, kisha mhakikishie kwamba atapewa nafasi nyingine. Hili la nafasi usilisahau. Tumewazika vijana wengi kwa kosa moja la mimbarini.

Mwalimu, washarika wangu hawajitumi. Nahubiri, natembelea wagonjwa, nazika, hata kanisa nafungua mwenyewe. Niwahubirieje juu ya karama? (Mchungaji, Tanga)

Baba mchungaji, kwa heshima yako yote: usiwahubirie. Wamesikia vya kutosha.

Waefeso 4:12 inasema wachungaji na walimu walitolewa ili kuwakamilisha watakatifu kwa kazi ya huduma. Kazi hiyo ni ya washarika, nawe umeishika yote. Mitume walipozidiwa na ugawaji wa chakula hawakunung'unika kwamba watu ni wavivu. Waliwaambia wachague saba, wakawawekea mikono, wakawaachia. Na Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotokea Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukafika Uganda, Kenya na Tanganyika, ulibebwa kwa sehemu kubwa na watu wasio wachungaji: wafanyakazi wa hospitali, walimu, wakulima na wake zao, wakiungama na kuombeana.

Nahisi umewahi kumpa mtu kazi, akaiharibu, ukamnyang'anya. Usharika mzima uliona. Safari hii mpe mzee mmoja ibada ya nyumbani kwa mgonjwa, uende naye mara ya kwanza ukae kimya, mara ya pili aende peke yake. Akikosea, mwiteni mezani mrekebishane, kisha arudi kule kule. Funguo za kanisa mkabidhi mtu wiki hii, na usimfuate usiku kuangalia kama amefunga.