Windows ya ndani imejuaje?

SWALI: Kaka shikamoo, mi nipo Ngamiani hapa Tanga, nna PC ya Linux, ndani nimeweka mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) ya Windows kwa KVM, ile programu ya Linux ya kuziendesha, nikaipa na kadi ya picha ya Nvidia GeForce, sasa kadi inagoma inaniletea erro ya Code 43, mshkaji anasema draiva imestuka kwamba iko ndani ya mashine pepe. Imejuaje, na naificha vipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Imeuliza tu na ikajibiwa! Prosesa ina amri inaitwa CPUID, ukiiuliza namba 0x40000000 haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe) yenyewe inataja jina lake lisilozidi herufi 12, KVM inasema KVMKVMKVM na ya Microsoft inasema Microsoft Hv. Ila kabla hujagusa kitu apdeti draiva kwanza, maana tangu toleo la 465 la mwaka 2021 Nvidia wenyewe wameruhusu GeForce ndani ya mashine pepe ya Windows, kwa hiyo huenda shida ikaishia hapo.

Ikigoma, kwenye terminal ya Linux piga virsh edit na jina la mashine yako, litafunguka faili la mipangilio yake, nenda kwenye sehemu ya features uweke hivi:

<hyperv><vendor_id state='on' value='tanga'/></hyperv>
<kvm><hidden state='on'/></kvm>

Hiyo value andika chochote, isizidi herufi 12. Kama hyperv ishakuwepo usiiandike mara ya pili, ongeza tu vendor_id humo ndani, na vile vingine vilivyomo kwenye hyperv usivifute, ndo vinaipa Windows spidi. Halafu zima mashine kabisa uiwashe upya, ristati ya ndani ya Windows haitoshi.