Mwalimu wa ufundi ukistaafu usisubiri kuitwa, nenda kwa mafundi wa mtaani

Nimefundisha umeme wa majumbani VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, mpaka nikafikisha miaka 60, hapo serikali haikubembelezi, unaaga unaondoka. Wenzangu wengi wamekimbilia kuku wa kisasa, sawa, ila kama ulikuwa mwalimu kweli utaboreka tu, na nyie mnaokaribia kustaafu nawaambia mapema, msikae mkisubiri chuo kiwapigie simu mkajitolee, nendeni kwa mafundi wa mtaani.

Hao vijana kazi wanaijua, cheti ndo hawana. VETA kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi, yani mtu aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo, akionekana ana mapengo anapewa mafunzo mafupi, anapata cheti bila kuanza chuo upya. Wengi wamesikia ila wanaogopa, wanadhani ni mtihani wa kuandika kizungu kurasa na kurasa. Kuwaandaa ndo kazi yako hapo.

Mimi naanzaga na ethi, yani waya wa kushusha ardhini umeme unaovuja. Namwambia fundi afungue soketi aliyoifunga mwenyewe, mara nyingi unakuta ule waya wa kijani na njano umekunjwa nyuma haujaungwa popote, ukimuuliza anakwambia "mzee si umeme unawaka?" Unawaka kweli, wala sibishani nae. Nachukua chaki namchorea sakafuni: volti 230 zikivuja zikashika bodi ya friji na ethi hakuna, bodi inakaa na umeme inasubiri mama wa watu aje afungue mlango. Ethi ikiwepo umeme unapata njia ya kushuka ardhini na ile RCD ya miliampea 30, swichi inayokata umeme ukivuja, inakata fasta. Hapo utamuona anakaa kimya, halafu anaanza kukumbuka nyumba alizofunga. Ukianza na kanuni ya Ohm kama tulivyozoea darasani utampoteza, hiyo mletee baadae akiuliza mwenyewe.

Hela usitegemee, ila nauli na vifaa vya mazoezi wachangie wao, vya bure kabisa hawaji wiki ya pili. Pia panga siku zako maana mtaa mzima utakuita uwaangalizie luku.

Na kitu kimoja usikubali hata wakikuita baba: kugonga mhuri fomu ya TANESCO kwa wayaringi ambayo hujaikagua. Nyumba ikiungua wanakuja kwako. Msaidie apate cheti, akaombe leseni EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, agonge wake.