Miaka miwili kazini, lugha tatu: umeshakuwa sinia?

Dogo, umeuliza kama miaka miwili ya kuandika programu, ukiwa unajua PHP, Python na JavaScript, inatosha kujiita sinia, yaani "senior", fundi wa programu aliyekomaa, na si junia tena, yaani "junior", anayeanza. Kwanza nicheke kidogo. Kwa Kiswahili chetu junia ni gunia na sinia ni la pilau, ukiyataja hapa sokoni Mwanga watadhani una shughuli nyumbani.

Mimi niko kwenye kazi hii hapa Kigoma mwaka wa 11 sasa, na kuna tatizo moja limenirudia mara tatu.

Mara ya kwanza nilikuwa mgeni kazini. Tuliwatengenezea mfumo wa mauzo wauza dagaa wa Kibirizi, yakaja malalamiko kwamba malipo yanaingia mara mbili. Mtandao ukivuta, mama anabonyeza tena. Nikakifanya kitufe kizime kikishabonyezwa, nikaenda zangu kula migebuka. Wiki haijaisha, malipo yakajirudia, na safari hii hakuna aliyebonyeza mara mbili.

Miaka mitatu baadaye, kwa mteja mwingine, ndipo nilipoelewa. Ombi la malipo lilikuwa linafika kwenye seva, ile kompyuta kuu inayopokea maombi ya simu zote, vizuri tu. Kilichopotea njiani ni jibu. Simu isipopata jibu haiwezi kujua kama ombi halikufika au lilifika, basi programu inatuma tena yenyewe. Dawa yake ni kila muamala kupewa namba yake kwenye simu kabla haujatumwa. Namba hiyo ikija tena, kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu za mfumo, inaikataa na seva inarudisha jibu lilelile la kwanza. Siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Mara ya tatu ndiyo ninayotaka uisome taratibu. Tajiri mmoja alilalamika kuwa mauzo yake yanajirudia, akataka tuzuie mteja mmoja kuandikwa mara mbili kwa siku. Vijana wangu walishafungua kompyuta. Nikapanda bodaboda nikaenda kukaa na yule dada anayeuza. Kumbe wateja wanatanguliza hela asubuhi na kumalizia jioni, na programu yetu haikuwa na sehemu ya hela ya kutanguliza, kwa hiyo anaandika mauzo mawili. Tungefanya alivyotaka tajiri, jioni asingeweza kupokea hela ya mtu. Nikamkatalia, tukaongeza sehemu hiyo, ikaisha.

Mwaka 1980 ndugu wawili, Stuart na Hubert Dreyfus wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waligawa ujuzi katika ngazi tano. Anayeanza anashika kanuni bila kutazama hali, bingwa anaisoma hali yenyewe. Hawakuwa wanazungumzia programu, lakini mimi na kile kitufe changu tumo humo.

Kwa hiyo lugha tatu hazinipi jibu. Niambie, ukikabidhiwa kazi ambayo hata mwenyewe hajui anataka nini, unaanza wapi? Na vyeo usivitegemee sana. Ofisi ya watu watatu itakupa usinia haraka, hasa kama hawana cha kukuongeza kwenye mshahara.

Ukishuka Kigoma nitafute, nitakuonyesha ule mfumo wa kwanza. Namba za miamala niliuongezea baadaye, na kitufe bado kinazima.