Mhusika Mmoja Akizidi Nguvu Mezani, Usikimbilie Kuongeza Ukali wa Adui

Ukiendesha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi na kurusha dadu, kwa muda wa kutosha, lazima utampata mchezaji ambaye mhusika wake hashikiki. Kwetu alikuwa askari wa levo ya 5. Piga hesabu kwa kanuni za toleo la tano la mwaka 2014: deraya kamili ya chuma inampa kinga 18 (namba ambayo dadu la adui pamoja na nyongeza yake lazima liifikie ili pigo limpate), ngao 2, mtindo wa kupigana kwa kujihami 1. Jumla 21. Juu ya hapo alifuata njia ya askari anayejua uchawi, kwa hiyo akiona pigo linamfikia anaita uchawi wa Ngao na kinga inaruka hadi 26. Kibwengo wa kawaida anarusha dadu la nyuso 20 na kuongeza 4. Kumgusa mtu wa kinga 21 anahitaji 17 kwenda juu. Kwa kinga 26, mpaka dadu lenyewe lidondoke 20. Wakati jamaa anafyeka, wenzake wanachezea simu.

Wazo la kwanza la kila mwendesha mchezo ni kuleta adui mkali zaidi. Achana nalo. Adui mwenye nyongeza ya 11 atampata askari wetu, kabla hajaita Ngao, kwa dadu la 10 kwenda juu, yaani zaidi kidogo ya nusu ya mapigo. Adui huyo huyo akimgeukia mchawi wa kinga 13, kinachoweza kumwokoa mchawi ni dadu la 1 peke yake. Umetaka kumtoa jasho mmoja, umezika watatu, na bado aliyebaki amesimama ni yule yule.

Mimi huanza na kalenda, yaani siku ya ndani ya hadithi. Askari wa aina hiyo katika levo ya 5 ana nafasi 3 tu za kuita uchawi kama Ngao, na hazirudi mpaka alale usingizi kamili. Kitabu cha mwendesha mchezo cha 2014 kilikadiria kwamba kundi linahimili mapambano 6 hadi 8, ya wastani au magumu, kabla ya kulala. Meza nyingi hazina muda huo: watu wanakutana Jumamosi mchana, wanapigana mara moja, wanalala kwenye hadithi, kisha wanarudi nyumbani. Pambano lenyewe huisha kwa raundi tatu au nne. Sasa huyo mtu ana Ngao karibu kila raundi, utamgusa saa ngapi? Tulipokubaliana kwamba kumaliza kikao si kumaliza siku, na kila mtu akawa anaandika alichobakiza mpaka wiki ijayo, alianza kufikiri kabla ya kutumia. Lakini sababu ya kutolala itoke ndani ya hadithi. Mateka wanahamishwa kabla ya alfajiri, basi. Atakayetaka kulala alale, akiamka hawakuti.

Kisha angalia deraya haizuii nini. Akinyata ndani ya chuma kile, anarusha dadu mara mbili na kuchukua lile dogo. Uchawi unaoshika akili hauulizi kinga: kuhani wa dhehebu la giza akimgandisha, lazima dadu lake pamoja na nyongeza ya busara lifikishe 11, na kwa mtu wa busara 10, ambayo haina nyongeza, hiyo ni nusu kwa nusu. Silaha hii itumie kwa kiasi, kwa sababu mchezaji aliyegandishwa hana la kufanya zaidi ya kutazama, na kesho atakuja na mhusika asiyegandishika.

Kinachofanya kazi kuliko vyote ni kumpa kila mtu shida yake. Kikao kimoja niliweka kinu cha nafaka: ghala linashika moto, mjumbe wa adui anapanda farasi kukimbia na barua, na mlangoni kuna zimwi lenye pointi 59 za uhai. Askari alilivaa zimwi peke yake, akafurahi kupita kiasi. Mchawi alihangaika na moto, kuhani akawa anawaburura wafanyakazi waliozimia kwa moshi, na mnyatiaji wetu alimwangusha mjumbe kwa mshale akiwa juu ya paa lililoanza kuungua. Sikubadilisha hata tarakimu moja ya zimwi. Askari alishinda vizuri tu, ila hakuweza kuwa mahali patatu kwa wakati mmoja.

Na zungumza naye, faragha, si mbele ya wenzake. Mimi nilimpigia simu. "Kaka, mhusika wako ni mzuri, lakini wenzako hawapati kitu. Unapenda nini kwake?" Nilitegemea ubishi. Akaniambia kwamba kwenye meza aliyochezea kabla yetu, mhusika wake aliuawa kikao cha kwanza kabla hajasema hata jina lake, ndiyo maana huyu alimjenga asife. Hapo nikajua kwamba hata nikimpunguzia mapigo anayopiga hatalalamika, mradi nisimguse deraya. Wengi wanaoitwa wababe wa meza wana kisa kama hicho. Wachache ni wababe kweli, na hao hakuna kanuni itakayowatibu.

Usimnyang'anye alichonacho. Kutu iliyokula deraya ghafla, mwizi wa usiku aliyechagua upanga wake peke yake: wachezaji wanaziona hila hizo kutoka mbali. Ni afadhali kuwapandisha waliobaki. Glavu za nguvu za zimwi humfikisha mvaaji nguvu 19. Kwa askari aliyekwisha kuwa na 18 hazibadilishi nyongeza yake hata kidogo, maana 18 na 19 zote zinatoa 4. Kwa kuhani wetu wa nguvu 10, aliyekuwa akipiga rungu kama anayefukuza nzi, zilikuwa kitu kingine kabisa. Niliziacha chini ya kitanda cha zimwi lile lile la kinuni. Askari ndiye aliyeziokota, akazisoma, akamrushia kuhani.