Ramani ya Riwaya Yako: Shika Penseli Kabla ya M-Pesa

Wiki jana msomaji mmoja wa Nakuru aliniandikia WhatsApp: "Mwalimu, ile ramani iliyo mwanzoni mwa kitabu chako umechorewa na nani, na ni pesa ngapi? Mimi nina riwaya ya fantasia, falme tano, na mchoraji ananitaka elfu ishirini." Nilicheka ndani ya matatu hadi makanga akageuka. Ramani ile nimeichora mwenyewe, hapa Kisumu, kwenye meza ya kulia chakula, kwa penseli na kalamu nyeusi.

Namjibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Sisi tunaoandika fantasia kwa Kiswahili kiu yetu ni moja: msomaji afungue kitabu akute nchi nzima, milima, mito na njia za misafara, kabla hata hajasoma sentensi ya kwanza.

Lakini ramani hiyo ni ya pili. Ya kwanza nililipia. Aliyeichora simtaji, wala sitaki mnikisie kwenye inbox. Nilimtumia shilingi 12,000, nusu mwanzo na nusu mwisho. Kazi iliyokuja ilikuwa ya kutundika ukutani: rangi tele, ngome za mawe, misonobari, vilele vyenye theluji. Nchi yangu mimi ina mafunjo, mikuyu na nyumba za udongo kando ya ghuba! Halafu kulikuwa na mto uliotoka ziwani, ukapanda mlima, ukagawanyika mara tatu, ukateremkia upande wa pili. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba fantasia haina sheria. Nilipoomba jina la mji mmoja libadilishwe, nikadaiwa 1,500 nyingine. Faili yenye tabaka, ile ambayo ningeweza kubadilisha jina mwenyewe, nikanyimwa.

Pesa nimesamehe. Lile jibu la "haina sheria" bado linanichoma.

Fantasia ina sheria, jamani. Joka litaruka upendavyo, lakini maji hushuka. Na sisi wa huku hatuna kisingizio, maana somo liko nje ya mlango. Nzoia, Yala, Nyando na Sondu zote zinaingia Ziwa Victoria. Mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, pale Jinja. Mito huungana ikielekea chini. Ni nadra sana igawanyike, isipokuwa karibu na mdomo wake. Wewe wa Nakuru una somo jingine: Mto Njoro unashuka kutoka Mau hadi Ziwa Nakuru, na ziwa lenyewe halina mto wa kutokea. Maji yanaondoka kwa kukaushwa na jua, magadi yanabaki. Kwa hiyo ukichora ziwa lisilo na pa kutokea, wape watu wako maji ya chumvichumvi na sababu ya kupigania visima. Tayari una sura mbili za riwaya, na hujalipa mtu.

Sasa, nilichorachoraje? Sina mkono wa msanii. Nilichukua picha ya setilaiti ya Landsat inayoonyesha Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria ulio hapa Kisumu, nikaichapisha, nikaipindua juu chini, nikaweka karatasi nyembamba juu yake na kufuata ukingo. Kisiwa kimoja nikakihamisha, kingine nikakifuta. Wasomaji kutoka Homa Bay wameiangalia ramani hiyo na hakuna hata mmoja aliyetambua ghuba yake, jambo ambalo nakiri linanifurahisha kuliko inavyostahili. Picha za Landsat ni mali ya umma, unaruhusiwa. Google Maps usifuatishe, masharti yao yanakataza. OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, unaweza kuitumia ila lazima uwataje kitabuni. Ukitaka umbo lisilofanana na mahali popote, mwaga dengu kwenye karatasi ya manila na uzungushe penseli pembeni mwa rundo.

Kipimo nilikipata kwa miguu. Kutoka Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50. Mtu mwenye mzigo atazitembea kwa siku mbili hivi. Basi nikaweka msitari mmoja wa kipimo chini ya ramani, na tangu hapo shujaa wangu hakuvuka tena ufalme mzima kabla ya chakula cha mchana.

Najua wengine mtasema penseli ni ya watoto, mnataka programu. Sawa. Azgaar's Fantasy Map Generator ni ya bure, inafunguka kwenye kivinjari na kukutengenezea bara zima lenye mipaka na mito, na ramani yake unaweza kuitia kwenye kitabu cha kuuza. Kwenye simu inasumbua, tafuta kompyuta, hata ya saiba. Inkarnate inapendeza zaidi, lakini soma masharti: toleo la bure si la kazi za biashara, ukiuza kitabu unahitaji lile la kulipia. Wonderdraft unainunua mara moja na kuipakua, kwa hiyo haitakula bando kila siku. Zote nimezijaribu. Zote zinakupa haraka milima mizuri na majumba ya Ulaya ya kale, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotelea. Unaandika kuhusu watu wanaovua mbuta, ramani inaonyesha makasri! Nani alitudanganya kwamba nchi ya ajabu lazima iwe na theluji?

Kwa hiyo narudia: penseli kwanza. Hata kama mwisho utamlipa mtu, mpe mchoro wako wa penseli wenye mito inayoshuka, na kazi yake iwe kusafisha tu. Na muandikiane: faili yenye tabaka ni ya nani, marekebisho ni mara ngapi, una haki ya kuitumia kwenye jalada na kwenye kitabu cha pili au la. Anayekataa kuandikiana, mshukuru na umwache aende.

Mimi wino ulipokauka nilipeleka kuskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, ndicho kiwango cha chini wachapishaji wengi wanachotaka, nikaandika majina kwa GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure. Usipake rangi. Kurasa za ndani zikichapwa nyeusi na nyeupe, kijani cha msitu na buluu ya ziwa vinakuwa kijivu kilekile. Na usiweke mji mkuu katikati ya kurasa mbili zinazotazamana, mkunjo wa kitabu utaumeza.

Kisha ichapishe kwa ukubwa wa A5, hata kwenye duka la fotokopi, umpe mtu ambaye hajasoma riwaya yako. Mwambie akuonyeshe njia kutoka mji mmoja hadi mwingine. Akikunja uso, futa majina. Weka yale tu ambayo wahusika wanayafikia au wanayaogopa. Mimi nilifuta karibu nusu, na hakuna msomaji aliyewahi kuniuliza yalikwenda wapi.