Usimpeleke kijana kwenye kalibu bila karatasi, nisikilize mimi

Hapana mkuu. Jumatatu usimpeleke popote.

Nimesoma bandiko lako mguu ukaanza kuwasha. Mtoto wa dada yako kamaliza form four, ana miaka 17, kuna mzee anasubu masufuria, yaani anayeyusha alminiamu na kuimimina kwenye kalibu yake barabara ya Ujiji, amekubali kumfundisha kwa laki tatu, na mambo ya maandishi "tutaona mbele ya safari, huyu ni mtu wa nyumbani". Halafu swali lako ni kama laki tatu ni bei halali, kama chuo cha ufundi cha VETA ni bora zaidi, na feni ya kupuliza tanuri inapatikana wapi hapa Kigoma. Feni! Mkuu, nawe umeona cha kuulizia ni feni?

Mimi huyo kijana nimeshakuwa. Na mimi nilikuwa mtu wa nyumbani. Nilipokelewa kwa soda.

Kazi yenyewe siisemi vibaya, ni kazi nzuri na inalisha. Unachekecha mchanga, unaunyunyizia maji kiasi tu, ukiufumbata ushikane na ukiuvunja uvunjike safi. Unashindilia kwenye fremu, unachomoa sufuria ya mfano kwa pumzi ya kuiba, kisha unamimina uji wa alminiamu bila kusita, kwa sababu ukisita, pale uji wa moto ulipokutana unabaki mshono na sufuria inavuja. Nilijua kuchagua skrepa mpaka wenzangu wakawa wananiita dokta: hedi za injini na pistoni zina silikoni, zinatiririka vizuri kwenye kalibu, wakati nyaya na makopo ya soda yanakusumbua tu. Mzigo wetu ulishuka bandari ya Kibirizi ukapanda boti kwenda Kongo. Nilijiona fundi.

Sasa sikia. Asubuhi moja, mvua imenyesha usiku kucha, msimamizi akanipa rimu ya gari iliyolala nje. Utaratibu unajulikana: chuma chochote kinakaushwa kwanza ukingoni mwa tanuri mpaka kisiwe na hata jasho. Yeye akasema wateja wanasubiri boti, tupia. Nikatupia. Alminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 na sisi tulikuwa tumeshapita hapo. Maji yakizama chini ya uji wa namna hiyo yanageuka mvuke papo hapo na kutanuka zaidi ya mara 1,600, na mvuke hauombi njia. Chungu kilitapika. Mimi nilikuwa nimevaa kandambili. Cheka tu, hata mimi huwa nacheka, maana mguu wangu wa kulia sasa una ramani ya Ziwa Tanganyika kamili, kuanzia goti mpaka kifundo, bado kuchora bandari.

Unadhani hapo ndipo nilipoharibikiwa? Kuungua kunapona. Niliharibikiwa hospitali, tena kwa mdomo wangu mwenyewe.

Msimamizi ndiye aliyenipeleka, kwenye bodaboda, ananishika bega kama ndugu. Njiani ananong'ona: "Wakikuuliza, sema umeungua na mafuta ya maandazi nyumbani. Ukisema kazini, OSHA, wale wakaguzi wa usalama kazini, watakuja, watafunga, na sisi wote tutalala njaa. Mzee mwenye kalibu atakuhudumia." Nesi akauliza, nikajibu mafuta ya maandazi. Mimi! Mwanaume mzima ambaye hata unga wa maandazi sijawahi kukanda. Nesi akaangalia vipande vya alminiamu vilivyoganda kwenye suruali yangu, akaniangalia usoni, akaandika kama nilivyosema. Angefanyaje?

Basi kadi ya hospitali ikawa inasema mafuta ya kupikia, nyumbani. Karatasi nyingine yoyote yenye jina langu na jina la ile kalibu haikuwepo duniani. Mzee alinihudumia kweli: hela ya bandeji, hela ya dawa, mara mchele kilo mbili, kila wiki ikipungua, huku ananiambia "pona kwanza mwanangu, tutakaa". Nilipopona nikaenda tukae. Akasema mbele ya watu: "Huyu hakuwa mfanyakazi wangu. Alikuja kujifunza." Na msimamizi, yule wa kwenye bodaboda, akaitikia kwa kichwa. Siku hizi tukikutana Mwanga sokoni ananisalimia kwa bashasha, "mambo dokta". Mungu anisamehe ninachomjibu moyoni.

Halafu kuna mwanasheria wa kijiweni. Kila mtaa una mmoja, ana kalamu mfukoni na alishawahi kushinda kesi ya mpaka wa kiwanja. Huyu alikula hela yangu ya barua, kisha akanipa hukumu: huna mkataba wa maandishi, huna kesi, na aliyekuwa anajifunza si mfanyakazi, nenda kalale. Nikalala kweli. Miezi ikapita nimelala.

Nilikuja kuujua ukweli siku nimeenda kwa afisa kazi na shida ya mtu mwingine kabisa. Soma taratibu, mkuu, haya ndiyo niliyoyanunua kwa ngozi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya 2008, ile iliyounda Mfuko unaoitwa WCF, inamhesabu pia mwanagenzi, anayejifunza kazi kwa mwajiri, hata kama mliongea kwa mdomo tu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 nayo inasema ukipangiwa saa za kazi na mtu, ukatumia vifaa vyake, au ukamfanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu ya mwisho, unachukuliwa kuwa mfanyakazi wake mpaka athibitishe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi! Sisi tulikuwa tunazimaliza Jumamosi haijafika. Na mchango wa WCF unalipwa na mwajiri peke yake, haukatwi kwa kijana, kwa sasa ni nusu asilimia ya mshahara. Mwenye mshahara wa laki moja na nusu analipiwa shilingi 750 kwa mwezi. Bei ya chai na maandazi, hayo hayo maandazi yaliyoniunguza.

Nikamwambia afisa basi tuanze. Akauliza ajali ilitokea lini. Madai yanatakiwa yafikishwe ndani ya miezi 12. Yangu ilikuwa imepita. Na hata ingekuwa haijapita, akaichukua ile kadi, akasoma "mafuta ya kupikia", akanirudishia taratibu kama anarudisha noti bandia.

Kwa hiyo unapouliza laki tatu ni sawa au si sawa, mimi nakuuliza karatasi iko wapi. Anayesema tutaona mbele ya safari ameshaona, wewe ndiye hujaona. Hilo ndilo langu na nitalirudia mpaka mods wa jukwaa hili wanifungie: karatasi kabla ya upawa. Chukua hata ya daftari la shule. Jina la mzee na mahali kalibu ilipo, jina la kijana, amekuja kujifunza nini na kwa muda gani, tarehe ya kuanza, saa za kuingia na kutoka, posho kama ipo, nani anampa buti, glovu na miwani, akiumia nani anatoa taarifa WCF na nani anampeleka hospitali. Saini mbili, shahidi wa kila upande, mwenyekiti wa mtaa apige muhuri. Nakala moja ikae kwa dada yako, isikae kalibuni. Hiyo laki tatu iandikiwe risiti. Na umfundishe kijana sentensi moja kabla ya kumfundisha kuchekecha mchanga: akiumia, nesi akiuliza, aseme kazini, ataje na jina la mahali, hata aliyemsindikiza akimfinya.

Halafu hiyo miaka 17. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 aajiriwe kwenye mazingira hatarishi, na imetaja hadi sehemu zisizo rasmi, kwa hiyo mtu asikuambie kwamba ya chini ya mwembe si kiwanda. Chungu cha alminiamu kama si hatari basi mimi mguu huu niliuchora kwa wino. Mwambie mzee kijana akifika 18 mtarudi. Akianza kununa kwa sababu hiyo peke yake, umeshapata jibu la maswali mengi.

VETA umeuliza pia, na sijui kingine nini. Feni, eeh. Feni utaipata, za mkono wa pili zipo.

Wewe kwanza piga simu leo, usingoje Jumatatu, muulize mzee kama atasaini. Usimwambie umeambiwa na nani. Atajua.