Vijana wa fildi, mtu akisema "memori imejaa" muulizeni ipi

Karibuni sana. Mmekuja vizuri: mnabana RJ45, vile vichwa vya kebo ya mtandao, haraka kuliko mimi, na walimu mnawaamkia kwa heshima. Lakini wiki hii nimemsikia tena mmoja wenu akimshauri mwalimu afute video zake za harusi ili Chrome ifunguke upesi. Mashine ile ina RAM ya GB 4 na nusu ya diski ni tupu. Mwalimu alikuwa ameshaanza kufuta. Kila mwaka naliona hili, kwa hiyo safari hii naandika.

1. Memori. Mtumiaji akitamka neno hili anaweza kumaanisha RAM, diski, kadi ya simu au zile GB 15 za bure ambazo Google inazigawa kati ya barua pepe, Drive (hifadhi yake ya mafaili mtandaoni) na picha. RAM ni mahali kazi inapofanyikia. Umeme ukikatika, kilichomo kimekwenda. Diski ndiko faili linakokaa hata mashine ikizimwa. Bonyezeni Ctrl+Shift+Esc mtazame RAM imetumika kiasi gani, kisha mtazame diski C imebakiwa na nafasi gani, maana nayo ikijaa kabisa Windows huzorota. Mkishaona, ndipo mshauri. Kufuta video hakujawahi kuongeza RAM.

2. CPU. Huku kwetu CPU ni lile boksi zima, na mhasibu akisema CPU yake inapiga kelele mwendeeni feni, msimkatishe kwa somo kwamba CPU halisi ni prosesa, ile chipu ya ndani inayofanya kazi za hesabu. Ila kwenye fomu ya manunuzi andikeni prosesa gani, RAM kiasi gani na diski ya aina gani, la sivyo mzabuni ataleta boksi lenye chochote ndani.

3. Kuzima na kuristati. Tangu Windows 8, ukizima mashine kwa kawaida, sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili iwake haraka, na tatizo nalo huweza kuamka nayo. Mwambieni mtu achague Restart, ambayo huuanza mfumo upya kabisa.

4. Kusawazisha na bakapu. Hapa naomba mtulie, kwa sababu hili nimejifunza kwa gharama ya watu wengine.

Kabla ya kuja hapa nilikuwa fundi wa TEHAMA katika chuo kingine. Ofisi ya taaluma ilikuwa na folda moja ya Drive iliyofunguliwa kwa akaunti binafsi ya bure, na wakufunzi wote waliingia kwa nywila hiyo hiyo. Alama za mazoezi na majaribio ya muhula mzima zilikuwa humo. Folda ilijisawazisha kwenye kompyuta ya kila mmoja. Mimi ndiye niliyeipanga hivyo, na mimi ndiye niliyesimama kwenye kikao nikawaambia, "Sasa tuna bakapu."

Siku moja dada wa mitihani akanipigia: "Kaka, laptopu inasema memori imejaa." Sikuuliza ipi. Nilifika nikaiona folda nzito, nikajiambia vyote viko Drive, hakuna neno. Nikaifuta kwenye laptopu, nikamwaga na pipa la taka. Baadaye akaniita tena kwamba sasa Drive ndiyo inayolalamika. Nikaingia, nikakuta pipa la Drive limejaa, nikalimwaga pia, tena bila kusoma majina ya mafaili.

Kusawazisha maana yake badiliko lililofanywa mahali pamoja linafuatwa kila mahali, na kufuta ni badiliko. Kompyuta za wakufunzi zilipopata intaneti, zilitii amri yangu moja baada ya nyingine. Drive huviweka vilivyofutwa kwenye pipa kwa siku 30, na siku hizo zingetosha kabisa kutuokoa, lakini pipa nilikuwa nimeshalimwaga kwa mkono wangu. Kwenye akaunti za taasisi msimamizi bado ana siku 25 za kurejesha baada ya hapo. Ile ilikuwa akaunti binafsi.

Wakufunzi waliokuwa wakiandika alama kwenye daftari kwanza walikesha wakiziingiza upya. Wale waliozoea kuingiza moja kwa moja kwenye kompyuta, na waliozoea hivyo kwa sababu mimi niliwahimiza, walilazimika kutunga majaribio mapya. Wanafunzi waliofanya vizuri mara ya kwanza walikuja mlangoni kwangu kuuliza kosa lao ni lipi. Sikuwa na la kuwajibu. Mkuu wa taaluma hakunifokea. Aliuliza tu, "Ile bakapu uliyotuambia iko wapi?" Mpaka leo, nikimsikia kijana akitamka "iko Drive, mzee, usiwe na wasiwasi", moyo unanidunda.

Bakapu ni nakala isiyoguswa pale unapoifuta ya kwanza. Nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya jengo. Diski ya nje ichomolewe ukimaliza, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia huifunga na yenyewe ikiwa imechomekwa. Kisha ijaribuni. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za watengeneza programu wa dunia nzima, alifuta hifadhidata kwenye seva ambayo hakuikusudia. Walipokimbilia njia zao za bakapu wakakuta karibu zote hazifanyi kazi, na walichofanikiwa kurejesha kilikuwa cha saa 6 nyuma. Wale wana wahandisi wengi. Sisi tuko watatu na ninyi.

5. "Hakuna mtandao." Usikimbilie ruta. Muulize kama ni WhatsApp tu, tovuti zote, au mfumo wa matokeo peke yake. Wi-Fi ni njia ya kufika kwenye ruta. Inaweza kuwaka vizuri huku intaneti haipo. Kwenye Command Prompt andika ping 8.8.8.8, yaani iite seva ya Google kwa namba yake: ikijibu na tovuti hazifunguki kwa majina, shida iko kwenye DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Na mtu akilalamika kwamba kifurushi cha Mbps 10, yaani megabiti 10 kwa sekunde, kinashusha faili kwa megabaiti 1 na kidogo kwa sekunde, hajaibiwa. Baiti 1 ni biti 8.

6. Herufi za mwisho wa faili. Faili la .xls lina safu mlalo 65,536 basi, la .xlsx linazidi milioni. Mwaka 2020 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilichelewa kuripoti karibu wagonjwa 16,000 wa korona kwa sababu ya mpaka huo. Onyesheni herufi hizo kwenye kila mashine, zitawasaidia pia kumgundua "ankara.pdf.exe", programu inayojifanya PDF.

7. Kupiga window, yaani kufomati (kufuta diski) na kuweka Windows upya. Mtu akiwaambia "nifomatie", huenda anataka tu mashine iwe nyepesi. Mwambieni waziwazi kwamba kilichoko kwenye Desktop kitaondoka, kisha pitieni pamoja Desktop, Downloads, Documents na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Mkikosea mkafomati diski yenye kazi ya mtu, acheni kuiandikia chochote na mniite saa hiyo hiyo, hata kama nakula. Kwenye diski za zamani zinazozunguka vitu mara nyingi hubaki mpaka vingine viandikwe juu yake; kwenye SSD, diski za chipu, muda ni mfupi mno na mara nyingi haupo.

Jumatatu kuna mashine mbili za maktaba za kupigwa window. Kabla hatujazigusa, kila mmoja wenu atachukua folda moja kutoka diski ya nje, airudishe kwenye kompyuta tupu, na kufungua kila faili mbele yangu.